Bomba Lipo, Maji Hayapo: Hesabu ya Kiangazi Kutoka Mlandizi hadi Marui

Ndugu zetu waishio Minnesota wana hofu ya majira ya baridi ambayo huku Pwani ni vigumu kuielewa: bomba la ndani ya nyumba kuganda. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu hiyo huziba njia, kisha huendelea kukua na kuyasukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayabonyezeki, kwa hiyo shinikizo hupanda mpaka bomba lipasuke, na mara nyingi halipasukii penye barafu bali mbele yake, kwenye kiungo dhaifu. Mwenye nyumba hajui lolote mpaka joto lirudi, barafu iyeyuke, dari ianze kuvuja. Ndiyo maana usiku wa baridi kali watu wa huko huacha koki idondoke tone tone, ili shinikizo lipate pa kutokea. Hufungua kabati za jikoni hewa ya moto ifike ukutani. Bomba likishaganda hulipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, kamwe si kwa moto wa gesi. Na hushauriana kujua mapema stopkoki kuu iko wapi, maana saa ya balaa si saa ya kuitafuta.

Februari 2021 baridi ya namna hiyo ilishuka hadi Texas. Gridi ya umeme ya jimbo ilizidiwa, mamilioni ya nyumba zikakaa gizani kwa siku kadhaa, mitambo ya maji ikasimama kwa kukosa umeme, na mabomba yakapasuka mtaa hadi mtaa katika miji kama Houston na Dallas, ambako Waafrika Mashariki wengi wameweka makazi. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Minnesota hupata baridi kama hiyo, na zaidi, karibu kila mwaka, na maisha yanaendelea. Tofauti iko kwenye ujenzi. Minnesota bomba kuu la mtaa hulazwa zaidi ya mita mbili ardhini, chini ya kina ambacho baridi hufika, na ndani ya nyumba mabomba hupitishwa upande wenye joto. Texas nyumba nyingi mabomba yake yamepita darini na kwenye kuta za nje, kwa sababu aliyejenga alijengea siku za kawaida.

Nimeanza mbali makusudi. Ardhi ya Kibaha na Kisarawe haijapata kuganda wala haitaganda. Lakini wilaya hizi zina msimu wao unaokausha bomba, nao haushtukizi mtu: masika yakiisha mwishoni mwa Mei, kiangazi kinaingia, Mto Ruvu unapungua wiki hadi wiki, na vuli zikichelewa, Oktoba na Novemba koki inatoa upepo. Kila mwenye nyumba anaijua kalenda hiyo. Hata hivyo nyumba nyingi zinazopanda kila mwaka kando ya Barabara ya Morogoro na kwenye vilima vya Kisarawe zinafungwa mabomba kana kwamba maji yatatoka siku zote 365. Kwa jambo hili sisi ni Texas.

Kwanza tuone maji yenyewe yanatoka wapi. Mto Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru, na mitambo miwili mikubwa imeuegemea: Ruvu Juu, iliyopo Mlandizi wilayani Kibaha, iliyojengwa 1959, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, iliyojengwa 1976. Yote miwili ilipanuliwa muongo uliopita. Ruvu Chini ilifikishwa lita milioni 270 kwa siku kwa msaada wa Marekani, Ruvu Juu lita milioni 196 kwa mkopo wa India. Jumla ni lita milioni 466, na ndizo zinazotegemewa na Dar es Salaam karibu yote pamoja na miji ya Pwani iliyo njiani. Ukiacha mtambo mdogo wa Mtoni na visima, mji wa mamilioni ya watu umeuweka uhai wake kwenye mto mmoja.

Maji ya Ruvu Juu yanasukumwa kutoka Mlandizi, yanapita Kibaha, yanafika Kibamba, na sehemu yake inaendelea hadi Kimara. Mkazi wa Visiga au Maili Moja anaishi kando ya bomba kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Kisarawe ilingoja zaidi. Mji huo umekaa juu ya vilima vya Pugu, na kwa miaka mingi wakazi wake waliishi kwa visima na maji ya kununua, ilhali mji mkubwa wa nchi uko chini yao wanauona usiku kwa taa. Juni 2020 Rais John Magufuli alizindua mradi unaoyatoa maji Kibamba na kuyapandisha hadi Kisarawe, kwenye tanki la lita milioni 6. Kutoka hapo maji huteremka yenyewe hadi Pugu na Gongo la Mboto. Mlima uliokuwa kikwazo ukageuzwa kuwa mnara.

Ni mradi mzuri, sina ubishi. Lakini mhandisi yeyote atakwambia kwamba kila mita 10 za kupanda zinadai shinikizo la takriban baa 1, na shinikizo hilo linatoka kwenye pampu, na pampu inakula umeme. Maji ya Kisarawe yanasukumwa mara ya kwanza kutoka mtoni na mara ya pili kutoka Kibamba. Umeme ukikatika Mlandizi, Kisarawe inakauka. Umeme ukikatika Kibamba, Kisarawe inakauka. Mto ukipungua, anayekosa kwanza ni yule wa mwisho na wa juu.

Oktoba 2022 mambo haya yalionekana bila kificho. Kina cha Ruvu kilishuka, uzalishaji ukaporomoka kutoka lita zile milioni 466 hadi karibu milioni 300 kwa siku, na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam na Pwani, ikatangaza mgawo. Visima virefu vya Kigamboni viliharakishwa na kuzinduliwa Novemba mwaka huo. Mwezi huo huo ulisainiwa mkataba wa bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, litakalohifadhi mita za ujazo milioni 190. Piga hesabu: maji hayo, bila kutoa yanayopaa kwa jua na yanayotakiwa kubaki mtoni, yanaweza kuilisha mitambo yote miwili kwa zaidi ya siku 400. Kidunda likikamilika mto hautategemea tena huruma ya vuli. Halitapandisha maji Kisarawe umeme ukikatika, wala halitaziba bomba linalovuja mtaani kwako.

Sasa tuingie ndani ya bomba lenyewe, maana wengi hudhani bomba kavu ni bomba lililopumzika tu. Si kweli. Bomba lililozoea kujaa likiachwa tupu huanza kuharibika, na linaharibika zaidi siku ya kujazwa.

Maji yakikatika, yaliyobaki kwenye mtandao huteremkia kwenye nyumba za bondeni. Yanapoteremka huacha utupu nyuma yake, na utupu huo unavuta. Kila ufa, kila kiungo kilicholegea, kila unganisho la wizi lililofungwa kwa mpira wa tairi, panageuka mdomo wa kunyonya. Bomba likiwa limepita kwenye mtaro, au karibu na shimo la choo kama ilivyo kwenye viwanja vyetu vilivyobanana, kinachonyonywa ni kile kile unachokifikiria. Kwa hiyo maji ya mwanzo baada ya mgawo, yale ya rangi ya chai, hayana kutu na tope peke yake. Yaende chooni au kwenye mche wa mwembe. Ya kunywa yachotwe baadaye, na yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, hata kama yanaonekana meupe.

Kisha maji yanarudi. Yanaisukuma hewa iliyojaa bombani, na hewa, tofauti na maji, inabonyezeka. Inajikusanya kwenye sehemu zilizoinuka, inabanwa, halafu inaachia ghafla, na maji yaliyokuwa nyuma yake yanakimbia na kugonga koki au kona ya bomba. Ule mshindo unaousikia ukutani maji yakirudi ndio huo. Viungo vya gundi vilivyounganishwa kwa haraka huachia hapo, na bomba la plastiki lililokaa juani miaka mingi likapoteza unyumbufu hupasuka hapo. Ukienda mitaa mipya ya Kiluvya utayaona mabomba hayo meusi yamelala juu ya ardhi au shubiri moja chini yake, yakikanyagwa na bodaboda, yakichomwa na jua mpaka maji ya adhuhuri yanatoka ya moto. Sentimita 60 za mtaro zingeyaokoa. Lakini kuchimba mtaro ni gharama, na aliyeunganishiwa maji alitaka tu yafike.

Hewa hiyo hiyo ndiyo chanzo cha ugomvi wa bili. Mita ya maji ya majumbani huzungushwa na kinachopita, na upepo ukipita kwa kasi inazunguka. Malalamiko kwamba mita inasoma wakati koki inapuliza tu si porojo za mtu asiyetaka kulipa, ingawa wapo pia wa namna hiyo. Dawa yake ya kweli ni valvu za kutolea hewa kwenye sehemu za juu za mtandao, na hizo ni kazi ya mamlaka. Upande wako wewe, funga stopkoki maji yakikatika, na yakirudi ifungue robo kwanza, usikilize, uache hewa itoke polepole kabla ya kufungua yote. Ukiwa na shaka na mita yenyewe, omba ipimwe. Wakala wa Vipimo wana kituo cha uhakiki Misugusugu, hapo hapo Kibaha.

Wachache hufunga stopkoki. Tunachofanya ni kuacha koki wazi. Mgawo ukipamba moto, maji huja usiku wa manane, pengine saa nane, wakati watumiaji wa bondeni wamelala na shinikizo limepanda. Mama wa nyumba anaiacha koki ya uani imefunguliwa, anaweka sufuria tupu chini yake, kifuniko kimeinamishwa pembeni. Kwanza inasikika pumzi, kama mtu anayepuliza moto. Halafu kikohozi, matone mawili matatu ya kahawia yakigonga bati la sufuria, kimya, kisha mkondo. Mlio ule unamwamsha yeye, unamwamsha jirani, na baada ya dakika chache uani kuna foleni ya ndoo, madumu, beseni la kuogea mtoto, ndoo za rangi zilizooshwa. Watoto wanashika tochi. Saa kumi maji yanakatika, na asubuhi watu wanakwenda kazini na shuleni hawajalala. Siku ambayo familia imesafiri na koki imesahauliwa wazi, maji yanaingia sebuleni na mita inazunguka mpaka watakaporudi. Bomba halikupasuka, lakini hasara ni ile ile ya Texas.

Fundi bomba mzuri angeipanga nyumba hii tofauti tangu msingi, na mpangilio wenyewe si siri. Baada ya mita iwepo stopkoki inayofikika kwa mkono, isizikwe chini ya zege la veranda. Baada yake valvu inayozuia maji kurudi nyuma, ili mtandao ukinyonya usiyavute maji ya nyumba yako na uchafu wake. Kisha bomba liende moja kwa moja kwenye tanki la chini, lenye boya linalofunga lenyewe likijaa, maana hakuna haja ya mtu kukesha na sufuria ikiwa tanki linajua kujifunga. Kutoka tanki la chini pampu ndogo inapandisha maji kwenye tanki la juu, na nyumba yote inakunywa kutoka huko. Koki moja tu, ya jikoni au ya uani, iunganishwe na bomba la mtaani ili mjue maji yamefika. Tanki la juu likikaa mita 3 juu ya koki linatoa shinikizo la baa 0.3, haba kwa bafu la kunyunyiza, la kutosha kabisa kwa ndoo na choo.

Na ukubwa? Sera ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini vijijini. Familia ya watu sita ni lita 150, kwa hiyo simtanki la lita 2,000 linawatosha siku 13. Wakiwa na choo cha kuvuta na wakaoga bila kubana, tuseme lita 60 kila mmoja, tanki hilo hilo ni la siku tano. Mgawo wa kawaida utaupita. Mgawo kama wa 2022 utakubana.

Hapa nifungue ubishi ambao mafundi huukwepa. Pampu ikae baada ya tanki, kamwe isifungwe kwenye bomba la mtaani. Kuna watu, na si maskini, ambao hufunga pampu kwenye mita na kunyonya. Wanayapata maji, naam, na wanamwachia jirani wa mlimani upepo. Tena wanazidisha ule utupu unaovuta uchafu kuingia bombani, kwa hiyo wanachokunywa wao ni kibaya kuliko wanavyodhani. Mamlaka za maji huikataza tabia hii, na inastahili kukatazwa kwa ukali kuliko ilivyo.

Hata tanki halali lina dhambi yake ndogo. Nyumba mia zenye matanki makubwa zikifungua kwa pamoja saa nane usiku, zinamaliza maji ya mtaa kabla hayajafika kwa yule asiye na tanki. Mpangaji wa chumba kimoja Maili Moja hana pa kuweka simtanki, wala mwenye nyumba hana haraka ya kumwekea. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza, na atakuwa na haki: kwa nini mwananchi anayelipa bili agharamie tena tanki, boya, pampu na umeme wake, ili kuziba pengo la mamlaka? Jibu langu ni kwamba gharama hiyo analipa tayari, tena kwa bei mbaya. Anailipa kwa dumu la lita 20 linaloletwa na mkokoteni, kwa boza linaloitwa kwa simu, kwa usingizi. Na nyumba za kupanga zinahitaji sharti, si hisani: mwenye vyumba kumi vya kupangisha awe na tanki la vyumba kumi.

Wapo watafiti waliolipima jambo hili kwa muda mrefu. Miaka ya 1960 Gilbert White, David Bradley na Anne White walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima matumizi ya maji nyumba kwa nyumba, mitaa ya Dar es Salaam ikiwemo, na kitabu chao kikatoka 1972. Miaka thelathini baadaye watafiti wengine walirudi maeneo yale yale. Kwa watu wasio na bomba matumizi yalikuwa yamepanda, kutoka lita 11 hivi kwa siku hadi 20. Kwa wenye bomba yalikuwa yameshuka kutoka lita 128 hadi 66. Yaani katika miaka ambayo tulikuwa tukihesabu maunganisho mapya na kukata tepe, bomba lenyewe lilipoteza nusu ya kazi yake. Takwimu hiyo ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi inayoripoti idadi ya wateja wapya bila kuripoti saa za maji.

Na bado yapo maji yanayozalishwa, yakatiwa dawa, yakasukumwa, yasimfikie mtu. Kwa miaka mingi taarifa za EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, zimeonyesha upotevu wa maji wa DAWASA ukizidi theluthi ya uzalishaji, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Sehemu ni wizi, sehemu ni mita mbovu, sehemu ni mivujo ya kweli. Theluthi ya lita milioni 466 ni lita milioni 155, karibu sawa na pengo lote la Oktoba 2022. Sisemi upotevu ungezibwa mgawo usingekuwepo. Mtandao hauzibwi kwa mwezi. Nasema tu kwamba bwawa jipya linalopitishia maji kwenye mabomba yale yale litapoteza theluthi ya faida yake.

Mvua nayo tunaiacha ipite. Ukanda huu hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 1 linakusanya lita 100, kwa hiyo kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, ni lita 80,000. Kwa lita 150 kwa siku familia ile ya watu sita ina maji ya mwaka mzima na ziada, juu ya bati lake mwenyewe. Tatizo ni kwamba mvua zinakuja kwa misimu miwili, na kiangazi cha siku 120 kingedai tanki la lita 18,000, ambalo wengi hawaliwezi. Basi punguza lengo. Lita 7 kwa mtu kwa kunywa na kupika ni lita 42 kwa siku, na kwa siku 120 ni kama 5,000. Tanki la lita 5,000 lililojazwa na masika ya Mei, likafunikwa na kutengwa na matumizi mengine, linavusha jikoni ya watu sita hadi vuli. Maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za ukanda huu yana chumvi, yabaki kwa kufulia na kuosha.

Ukitoka Kisarawe mjini na kuingia kata za ndani, upande wa Maneromango na Marui, sura ya swali inabadilika. Huko mtu halii kwamba koki ya ndani imekauka. Kwa wengi koki ya ndani haijafika. Mwenye dhamana ya maji ya vijijini ni RUWASA, wakala ulioanza kazi Julai 2019 chini ya sheria ya maji ya mwaka huo, na miradi huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Ahadi ya kijiji ni kongwe kuliko mtandao wa Kisarawe mjini. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilijiwekea mpango wa miaka 20 kwamba kufikia 1991 kila kaya ya kijijini iwe na maji umbali usiozidi mita 400. Mita hizo 400 zilirudiwa kwenye sera ya 2002, na kituo kimoja kwa watu 250.

Mpango wa 1971 haukushindwa kwa kukosa mabomba. Mabomba yalilazwa na pampu za dizeli zilifungwa. Kilichokosekana ni dizeli, spea na mtu wa kulipwa kuzitunza. Leo pampu za jua zimeondoa dizeli, na hilo ni jambo kubwa kwa kijiji kilicho mbali na kituo cha mafuta. Spea na mtu wa kulipwa vinabaki pale pale. Koki ya kituo cha kijiji hufunguliwa na kufungwa mara mamia kwa siku, na raba yake huisha haraka kuliko ya nyumbani. Ikiwa chombo cha jamii hakina raba hiyo stoo, kituo kizima kinasimama kwa kitu cha bei ya mkate, na akina mama wanarudi kisimani.

Kwa hiyo Marui ina nafasi ambayo Kibaha imeshaipoteza: ya kuanza vizuri. Bomba likifika, lije na tanki la kijiji lenye akiba ya siku mbili tatu, mtaro wenye kina, valvu za hewa kwenye miinuko, na sanduku la spea lenye kufuli na orodha. Gharama ya nyongeza kwenye mradi mpya ni ndogo. Kuyarudishia hayo baada ya miaka kumi, kama inavyotakiwa sasa Kiluvya na Visiga, ni kuvunja sakafu za watu.

Halmashauri za Kibaha na Kisarawe hupokea michoro ya nyumba mpya kila wiki na kukagua vyumba, madirisha na shimo la choo. Namwomba afisa anayeshika muhuri aongeze maswali mawili kabla ya kuugonga: tanki litakaa wapi, na mfereji wa bati utamwaga wapi. Mchoro usio na majibu hayo urudishwe kwa mwenyewe akaujaze, kiwanja kikiwa bado kitupu.